Siku Umeme Uliporudi Keshero

Keshero, Goma, Jumapili baada ya misa

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Kwa heshima zote na kwa masikitiko yanayostahili, ninakutangazia wewe, shemeji, watoto, na ukoo mzima ulioko Butembo, Beni hadi Lubero, kwamba masharubu ya mdogo wako Paluku yametutoka asubuhi ya Jumatano baada ya ugonjwa mfupi. Yalikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa grisi. Nilikuwa nimelala chali chini ya jenereta ya jirani, mdomo wazi kama kawaida yangu, kopo likaniangukia. Sabuni ilishindwa, petroli ikashindwa, mwishowe mke wangu akachukua mkasi akasema, "Papa, tuyaage tu." Hakutakuwa na matanga. Wenye kutaka kutufariji watume maharagwe. Uso uliobaki, nikiutazama kwenye kioo, ni wa mama yetu mtupu, siku ile alipokuta sufuria ya nyama ya Noeli imebaki mchuzi.

Sasa nikusalimu kama mutu. Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Shemeji bado anakohoa, au amekubali kuacha ile tumbaku yake? Viazi vilitoka? Sisi huku tuko. Nikisema tuko, lichukue neno lilivyo: tuko hai, tunakula mara moja kwa siku, na bati letu lina matundu saba ya risasi. Sita nimeyaziba kwa lami. La saba mke wangu amekataa, anasema linamwangazia mboga.

Barua yako ilinifikia mkononi mwa yule mama muuza makayabo, wale samaki wa chumvi, imekunjwa ndani ya soksi ya mtoto. Wewe unayeweza kuandika kurasa tano juu ya mbuzi mmoja, umeniandikia mistari michache tu. Umesema Kavira, mjane wa Kasereka, anakuja kukaa kwako kila Jumapili na haongei. Umesema habari zimefika Butembo kwamba siku mume wake alipouawa, mkimbizi mmoja aliwaonyesha wenye bunduki pa kupiga. Umesema Muhindo, kaka yake Kavira, amekwisha kupata nafasi kwenye lori, yeye na wenzake watatu, na panga zao zimo ndani ya magunia. Wanangoja jina tu. Mwisho ukaandika: "Wewe ulikuwa naye, Paluku. Tupe jina."

Barua hiyo nimekaa nayo siku kumi na moja. Ulipopiga simu mara ya kwanza nikasema mtandao mubaya. Mara ya pili nikaanza kukuchekesha na hadithi ya bata wa jirani. Unanijua. Kwenye simu mimi ni redio, ninabadilisha wimbo ninapotaka. Ndiyo maana ninakuandikia, ili nisiweze kubadilisha.

Nianze na kazi, maana bila kuielewa kazi yetu hutaelewa alivyokufa.

Unakumbuka tulivyoondoka Butembo, mimi na Kasereka, juu ya magunia ya viazi, yeye na diploma yake ya fizikia kwenye bahasha ya plastiki, mimi na bisibisi zangu nne. Shule iliyomwajiri yeye kuwa mwalimu ikanichukua na mimi kuwa mutu wa kutengeneza: kufuli, bomba, madawati, kengele. Kisha padri mmoja mzee, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, akaiachia shule darubini. Ni bomba jeupe, nene kama paja la mwanaume, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Ilisimamishwa juu ya paa la zege la jengo la ghorofa, panapoonekana ziwa upande mmoja na barabara na geti upande mwingine. Bomba lenyewe halina shida. Shida ni kile kinacholishika. Kasereka alikiita monture, mimi nilikiita shingo. Ni chuma chenye mota mbili, moja ya kuzungusha bomba kushoto na kulia, nyingine ya kuliinua na kulishusha, ili lilifuate jua polepole bila mutu kuligusa. Kasereka aliweka kioo cheusi cha kulinda macho, na saa sita mchana wanafunzi walipanga mstari kuangalia jua.

Na shingo hiyo, yaya, ilikuwa na magonjwa kuliko mimi. Vumbi la volkano yetu ni jeusi na lina makali kama kioo kilichosagwa. Likiingia kwenye meno ya gia, bomba linatetemeka na jua linarukaruka kama kuku aliyechinjwa. Ilibidi nifungue kila kitu, nisugue jino kwa jino kwa mswaki na petroli, nipake grisi kidogo kabisa, nirudishe. Kisha kusawazisha: nyuma kuna uzito wa chuma, unausogeza mbele na nyuma hadi bomba likae lenyewe bila kuegemea upande. Ukikosea, mota inabeba mzigo na inaungua. Niliunguza moja. Wiki nzima, kila nikipita, Kasereka alikuwa ananusa hewa.

"Unanusa nini, Mwalimu?"

"Kitu kimeungua. Sijui ni mota, sijui ni fundi."

Ugonjwa mkubwa ulikuwa umeme. Unaujua wa Goma: unakuja kukusalimu tu na kuondoka. Kila ukikatika, shingo inasahau inaangalia wapi. Ukirudi, lazima ubonyeze kitufe, nayo inajizungusha yenyewe hadi kwenye alama yake ya kuanzia, ndipo inaanza kazi upya. Kitufe kikaharibika. Hakuna pa kununua kingine, si hapa, si Kampala. Mimi, fundi mkubwa, nikakata kipande cha waya wa shaba nikakipitisha pale kitufe kilipokuwa, nikafunga. Tangu hapo umeme ukirudi, shingo ilijiamsha na kujizungusha bila kuombwa. Na alama ya kuanzia niliiweka mimi vilevile: bomba lilale, mdomo uelekee getini, ili iwe rahisi kulifunika na shitingi ya plastiki mvua ikija. Kasereka alizunguka ile kazi yangu mara mbili, akanipiga bega. "Papa Paluku, siku moja utaniharibia kitu, lakini si leo."

Kisha vita ikashuka. Nyinyi mliisikia kwa redio. Sisi tuliisikia kwa sahani zilizokuwa zinatembea kabatini. Kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya zilimwagika zote kwa siku mbili, watu na magodoro kichwani, na shule ikafungua madarasa. Katika darasa la tano walikuja Bahati na mke wake na watoto. Bahati ni fundi mwashi wa Rutshuru, wa lugha ya Kinyarwanda, mkubwa kama mlango. Siku ya pili tu alipanda juu kuniletea ule uzito wa chuma, ameubeba kwa mkono mmoja kama mkate.

"Muzee, na hii mukuki yenu, munaona Mungu?"

"Tunaona jua tu."

"Basi munioneshe. Mimi nimelala chini yake miaka tatu, halijaniambia kitu."

Kasereka akawapanga wakimbizi mstari kama wanafunzi. Mama mmoja mzee aliangalia, akatoka, akasema jua lina madoa sawa bugali yenye imeungua. Bahati alicheka hadi akakaa chini.

Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, mimi nilikuwa mtaa wa Mapendo kutafuta mafuta ya taa. Moja likaanguka kwenye foleni ya maji. Sitakuandikia yote. Nilimwona mwanaume akisukuma chukudu mbio, ile baiskeli ya mbao ya kubebea makaa, na juu yake mke wake amelala bila miguu, na yeye anamwambia, "Usiangalie, usiangalie, tumefika," na hawakuwa wamefika popote. Nilivuka maiti mbili za askari pale kwenye kona, tayari hazina viatu. Mbwa alikuwa pale. Nilimrushia jiwe, akarudi. Nilirudi nyumbani bila mafuta na bila kofia, na kwa siku tatu tulilala chini ya kitanda, mke wangu na mimi, tukisukumana kama watoto. Ndipo umeme ulipokatika, na maji.

Kisha kelele zikaisha na mji ukawa na wenyewe wapya. Sitasema ni nani. Karatasi inapita mikono mingi. Walipita shuleni, mkubwa wao akasimama uwanjani, akaangalia juu.

"Ile kombora ni ya nani?"

Kasereka akasema ni ya watoto, ya kuangalia jua. Yule hakucheka. "Kesho nisiikute."

Basi kesho yake, saa nne asubuhi, mimi na Kasereka tulipanda kuishusha.

Yaya, hapa nitatoa salamu kwanza, kwa sababu nikifika mwisho wa hiyo asubuhi sitakuwa na mkono wa kusalimu. Msalimie shemeji, mwambie mapafu hayana fundi. Msalimie mtoto wako wa kwanza na yule mke aliyemwoa kwa siri ambayo mji mzima uliijua. Msalimie shangazi wa kanisani, anayeniombea nipungue maneno. Msalimie baba mdogo kule shambani, na jirani yako mshona nguo, mwambie suruali yake bado ninaivaa, ni mimi niliyepungua. Mke wangu anakukumbatia. Kavira simtumii salamu. Yeye ninamtumia hiki kinachofuata.

Ripoti ya shule inasema risasi iliyopotea. Mtaa unasema mkimbizi aliwaonyesha. Yote mawili si kweli. Ilikuwa hivi.

Bomba lilikuwa limeelekea juu, kama lilivyobaki siku umeme ulipokatika. Umeme haukuwapo kwa siku tisa. Waya wa shingo ulikuwa bado umechomekwa ukutani. Sheria ya kazi hii ni moja, na Kasereka hakuwahi kuiruka: kabla ya kugusa, unachomoa. Yeye alisimama mbele akilishika bomba kwa mikono miwili, mimi nilipiga magoti nyuma yake nikilegeza skrubu. Akaniuliza kama alivyoniuliza kila mara:

"Umechomoa?"

Waya ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nikajibu, "Umeme gani, Mwalimu? Ule wa mbinguni?"

Akacheka. Hakuwa amecheka tangu mabomu yaanze, na mimi nikafurahi kwamba nimemchekesha. Nikaendelea na skrubu.

Chini getini walikuwa wamesimama wanne wenye bunduki. Bahati alikuwa uwanjani anakata kuni. Skrubu ya tatu ilikuwa mkononi mwangu mota zilipolia. Umeme ulikuwa umerudi, na ule waya wangu wa shaba ukafanya kazi niliyoupa. Bomba likamtoka Kasereka mikononi, likazunguka, likashuka, likalala na mdomo wake unawaangalia wale wanne. Kwa sababu nilikuwa nimelegeza skrubu, likaanza kuteleza. Kasereka angeliacha lianguke. Lakini yeye ni mutu wa kuhurumia vyombo. Alilikumbatia, akaweka shavu lake juu yake ili lisivunjike. Ukiwa chini, huyo ni mutu anayelenga.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha mbele. Zilizofuata zilimwingia chini ya koo na kifuani. Mimi nilikuwa nyuma yake, yaya. Yeye alizipokea zote.

Wale wa chini wakaendelea kupiga, ukuta unaruka vipande, mimi nimelala tumbo. Nilichungulia kwenye tundu la kutoa maji ya mvua. Bahati alikuwa ametupa shoka, ameinua mikono yote miwili, anakimbilia getini, kati ya bunduki na sisi. Alipiga kelele kwa Kinyarwanda, na hata mimi ninayekijua cha sokoni tu nilimwelewa: ni ya shule, ni ya watoto, musipige. Mmoja akamgonga na kitako cha bunduki, akaanguka, akasimama tena, akaonyesha juu kwa mkono akieleza. Wakaacha kupiga. Wakaongea kidogo, wakaondoka, hawakupanda hata kuangalia. Kama si yeye ungekuwa unalilia wawili.

Kasereka hakufa palepale kama nilivyowaambia. Nilimweka kichwa mapajani. Nilibana mahali pa damu kwa mikono, ikapita kati ya vidole. Kwenye shingo ya darubini kuna taa ndogo nyekundu inayowaka mota zikiwa na umeme, na ilikuwa inawaka karibu na uso wake. Akaiona.

"Umeme umerudi?"

"Umerudi, Mwalimu."

Ndiyo maneno yake ya mwisho. Kavira nilimwambia alitaja jina lake na majina ya watoto. Hakuyataja. Niliyatunga mimi, nikidhani ninampa kitu. Anisamehe hilo peke yake, mengine nitayabeba.

Kisha watu wakatoka madarasani, na wa mtaani wakaingia. Walikuwa wamechungulia madirishani wakamwona Bahati akiongea na wale watu na kuonyesha juu kwa mkono. Kuanza kwa risasi hawakukuona. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Ni huyu! Aliongea nao luga yao! Aliwaonesha!" Hiyo ilitosha. Walivunja dawati wakachukua mbao zake. Walianza na miguu. Bahati angeweza kuwatupa wanne kwa mkono mmoja, lakini alikuwa anajaribu kueleza, na mutu anayeeleza hapigani. Nilisikia taya lake likivunjika nikiwa bado juu. Mke wake alimlalia juu, wakampiga na yeye.

Mimi nilishuka na damu ya Kasereka hadi kwenye viwiko. Wakaacha mbao hewani. Kijana mmoja, mwanafunzi wa zamani wa Kasereka, akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Papa Paluku, wewe ulikuwa kule juu. Ni huyu aliwaonesha?"

Bahati alikuwa ananiangalia. Hakuwa na mdomo wa kuongea tena, aliniangalia tu. Neno lilikuwa moja, hapana. Lakini baada ya hapana wangeuliza: sasa ilikuwaje? Na mbao zilikuwa zimeinuliwa. Nikasema, "Mimi sikuona."

Wakaendelea. Waliacha walipochoka.

Yuko hai. Yuko Mapendo kwenye chumba cha ndugu yake, taya limefungwa kwa kitambaa, jicho moja halitarudi. Jana nilimpelekea uji. Nilimwambia yote haya akiwa kitandani, mbele ya mke wake, na waya wa shaba nilioukata nikautoa mfukoni kumwonyesha. Alifumba jicho lililobaki. Mke wake alipokea sufuria ya uji, akanifungulia mlango nitoke. Kesho nitamwambia mkuu wa shule aandike ripoti upya, na Jumapili ijayo padri amekubali nisimame mbele ya mtaa mzima baada ya misa niseme niliyoyaona. Mke wangu ameniambia nikianza kuchekesha atanivuta koti.

Yaya, mwite Kavira na Muhindo, mketi, uwasomee kuanzia hapo nilipoacha salamu, usiruke kitu kwa kunihurumia. Muhindo akitaka bado kupanda lori, apande. Asiulize habari za mkimbizi yeyote. Aulize nyumba ya Paluku, Keshero, nyuma ya shule, mlango wa bati la bluu. Mlango haufungwi kwa ndani. Nitakuwapo.

Mdogo wako,
Paluku